Pesa za dada zimeibwa kwenye pochi ya simu, na sasa kuna anayesema atazirudisha

Shikamoo Bi Mkubwa.

Nakuandikia saa tisa za usiku kwa sababu usingizi umenikimbia tangu wiki iliyopita. Nina miaka 31, nina kibanda cha vifaa vya simu Likoni, si mbali na feri. Nauza chaja, vifuniko na vioo vya kubandika. Nina mke na mtoto mmoja.

Dada yangu mkubwa yuko Doha mwaka wa nne sasa, anafanya kazi za nyumbani. Kila akipata mshahara hunitumia kitu cha kumjengea mama nyumba Msambweni. Kuta zimefika usawa wa madirisha. Tulisimama hapo kwa sababu dada alitaka pesa zikusanyike kwanza, paa na madirisha vifanywe kwa mkupuo mmoja.

Mwanzoni mwa 2024 shilingi ilikuwa imeporomoka, dola moja imefika karibu shilingi 160. Nikamwambia dada tusiweke shilingi, tuweke dola. Akakubali. Anachojua yeye ni kwamba nilifungua akaunti ya dola benki. Sikufungua. Rafiki yangu alinionyesha namna ya kununua USDT kwa M-Pesa, ile dola ya kidijitali, nikapakua pochi, yaani programu ya kuzihifadhia, kwenye simu yangu na kila pesa iliyoingia nikaigeuza. Sikula hata senti, Bi Mkubwa. Nina daftari, kila tarehe na kila kiasi kimeandikwa. Mpaka siku hiyo zilikuwa USDT 3,140, ambazo kwa bei ya sasa ni kama shilingi 405,000.

Alhamisi ya wiki iliyopita asubuhi nilifungua pochi nikakuta 0.00. Nilidhani ni mtandao. Nikazima simu, nikawasha. 0.00. Nilipoangalia orodha ya miamala nikaona zimetoka zote kwa mara moja, Jumatano saa nne na dakika kumi na moja usiku, kwenda kwa anwani ndefu inayoanza na herufi T ambayo sijawahi kuiona. Saa hiyo simu ilikuwa mkononi mwangu, natazama mpira.

Ndani ya pochi kulibaki visarafu vingine vya thamani ya dola 20 hivi. Ili kuvitoa inabidi uwe na TRX kidogo, sarafu nyingine ya kulipia ada. Nikatuma za shilingi 500. Zilipoingia, kabla sijabonyeza chochote, nazo zikaondoka. Niliziona kwa macho yangu zikiingia na kutoka. Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu.

Yale maneno 12 ya siri unayopewa unapofungua pochi sikuwahi kumpa mtu. Siku ya kwanza niliyapiga picha ya skrini, ikakaa kwenye galari. Namshuku fundi aliyenibadilishia kioo mwezi uliopita. Alikaa na simu yangu nusu siku na nilikuwa nimempa namba ya kuifungulia. Juzi nilimwendea kwa hasira, tukashikana mashati, watu wakatuamua. Anaapa kwamba hata hiyo pochi hajui ni kitu gani.

Sasa kuna mtu nimempata Telegram. Nilieleza shida yangu kwenye kundi moja la wauzaji wa sarafu, na baada ya dakika chache akaniandikia faraghani. Anasema yuko Marekani, kazi yake ni kurudisha sarafu zilizoibwa, na amenitumia cheti chenye nembo ya FBI. Nimempa anwani ya mwizi, akaniambia pesa ameziona, hazijaguswa, na atazirudisha kwa saa 48. Anataka USDT 350 kwanza za kufungulia, yaani kama shilingi 45,000. Mimi nina pikipiki moja, kijana ananiendeshea bodaboda na kuniletea shilingi 300 kila siku ya kazi. Nimepata mnunuzi wa 60,000. Mtu wa Telegram anasema Jumatatu ikipita mwizi atazihamisha na hatazipata tena.

Mke wangu hajui. Mama hajui. Dada hunipigia kila Ijumaa usiku, ndiyo siku yake ya kupumzika, na Ijumaa iliyopita sikupokea. Atakuja Desemba na anataka kukuta mabati yameezekwa. Siku hizi nikivuka na feri najikuta naangalia maji muda mrefu kuliko inavyofaa.

Nisaidie. Niuze pikipiki?

Mwenye aibu, Likoni

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na ile sentensi ya maji. Uliipitisha haraka kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini mimi nimeirudia mara tatu. Leo hii, kabla ya polisi na kabla ya dada, mwambie mkeo kwamba mawazo hayo yanakujia. Habari za pochi zinaweza kungoja mpaka kesho. Mwambie tu, "Kuna jambo limenielemea, na nikiwa kwenye feri napata mawazo mabaya." Siku hizi chache usivuke peke yako, fuatana na mtu. Na zile saa za usiku unapoona huwezi kumwamsha yeyote, piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozwi. Sema hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi. Dada yako alikwenda Doha ili nyumba yenu iinuke. Hakwenda ili arudi kwenye matanga yako.

Pikipiki usiuze. Na huyo wa Telegram usimpe hata shilingi moja.

Nikueleze kwa nini nasema hivi bila kusita. Nilifanya kazi kwenye kaunta ya benki miaka 22 hapa Mombasa, na bado mwaka 2007 nilitia pesa kwenye upatu ulioahidi kuzizidisha maradufu. Ukavunjika. Zilikuwa shilingi 180,000, nusu yake karo aliyoweka mume wangu, na sikumwambia. Baada ya mwezi akanijia bwana mmoja mwenye suti na faili, anajua jina langu na kiasi nilichoweka. Akasema yeye ni wakili, pesa zetu zimezuiwa mahali fulani, na kuzifungulia kunahitaji shilingi 15,000. Tulikutana mkahawani. Akaagiza chai na mahamri, nikalipa mimi. Risiti aliniandikia kwenye karatasi aliyoichana kutoka daftari la shule, lenye vile viboksi vya hesabu, na mpaka leo naviona vile viboksi. Nilimlipa mara tatu.

Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini nilimlipa, mimi niliyekuwa nahesabu pesa za watu kutwa. Jibu nililopata ni kwamba huyo bwana alikuwa mtu pekee duniani niliyeweza kuzungumza naye habari ile. Nilipokuwa naye nilipumua. Nyumbani nilikuwa nimeubana mdomo, kazini vilevile, na yeye alikuwa anajua, ananisikiliza, ananiita dada. Nilikuwa nalipia kusikilizwa.

Jitazame na wewe. Mkeo hajui, mama hajui, simu ya dada hukuipokea. Anayejua kila kitu ni mtu usiyemjua jina wala sura, na ndiye unayezungumza naye usiku. Amekuwekea Jumatatu kwa sababu anajua ukipata siku tatu za kukaa na watu wako, mmoja wao atakwambia uache. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa aliyeibiwa pesa huwa kinyume. Yeye humkimbilia nyoka wa pili kwa kuwa ameshika chupa ya dawa.

Anachokuahidi hakiwezekani. Ukikosea namba kwenye M-Pesa unautuma ule ujumbe wa kuthibitisha kwa 456 na huenda pesa ikarudishwa, kwa sababu katikati kuna kampuni inayoweza kuishika. USDT zako zilikuwa kwenye mtandao wa TRON, ndiyo maana anwani inaanza na T. Huko muamala ukishathibitishwa ni maji yaliyomwagika. Hakuna mtu mwenye kitufe cha kuurudisha nyuma, awe Marekani au Likoni. Hizo pesa anazosema "ameziona" hata wewe unaweza kuziona bure: ingia Tronscan, tovuti ya kutazamia miamala ya TRON, bandika anwani ya mwizi, utaona kila kilichoingia na kila kilichotoka. Kuziona hakumpi mtu uwezo wa kuzigusa.

Ni kweli sarafu zilizoibwa zimewahi kupatikana, nisikudanganye. Agosti 2016 soko la sarafu la Bitfinex liliibiwa Bitcoin 119,754. Februari 2022 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba imekamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo. Ilichukua miaka mitano na nusu. Wapelelezi walipata hati za mahakama, wakaingia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mtuhumiwa, Ilya Lichtenstein, na humo wakakuta faili lenye funguo za siri za pochi. Yaani hata mwizi wa kiwango hicho aliponzwa na kilichokuponza wewe, kuweka siri mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuisoma. Novemba 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Basi linganisha: serikali yenye mahakama, wapelelezi na hati za upekuzi, miaka mitano na nusu; huyo wako, cheti cha picha na saa 48. FBI wenyewe mwaka 2023 walitoa onyo kuhusu watu wanaodai kurudisha sarafu kwa malipo ya mbele. Piga picha mazungumzo yenu yote, cheti na anwani aliyotaka umlipe, kisha mfungie. Usimjibu tena hata kumtukana.

Sasa habari ya fundi, maana hapo umenitia wasiwasi karibu sawa na maji.

Zile TRX za shilingi 500 zilizotoweka mbele ya macho yako zinatuambia jambo. Kuna wizi ambao mtu anabonyeza "kubali" kwenye tovuti ya ulaghai na kumpa mwizi ruhusa ya kuchukua sarafu za aina fulani tu, kama USDT. Mwizi wa namna hiyo hawezi kuchukua TRX zako. Huyu amezichukua, na kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakina. Yaelekea sana ana ufunguo wenyewe, yale maneno 12, na ameweka programu inayoichungulia pochi yako usiku na mchana. Pochi hiyo imekufa. Usiingize kitu tena humo, hata kwa nia ya kuokoa zile dola 20.

Maneno hayo yalimfikiaje mwizi? Hayatungwi ovyo. Pochi nyingi huyatoa kwenye orodha moja inayojulikana duniani kote, yenye maneno 2,048 ya Kiingereza. Kwa programu ya kompyuta, picha yenye maneno 12 ya namna hiyo yaliyopangwa kwa namba ni kitu rahisi mno kukitambua. Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza programu ya wizi iliyoipa jina SparkCat. Ilijificha ndani ya programu za kawaida, nyingine zikipatikana Google Play na hata App Store. Ukiiruhusu ione picha zako, inapitia galari, inasoma maandishi yaliyo ndani ya picha, na ikikuta maneno ya kurejeshea pochi inaituma picha hiyo kwa wenyewe. Huibiwi siku hiyo. Unaibiwa siku wanayoamua wao, wewe ukiwa umeishika simu unatazama mpira.

Sisemi ndiyo hiyo hasa iliyokuibia. Ninachosema ni kwamba picha ile ilikaa kwenye galari tangu 2024, na kila programu uliyoipa ruhusa ya picha kwa muda wote huo ni mlango. Fundi ni mlango mmoja kati ya mingi, na ushahidi ulio nao dhidi yake ni nusu siku na hasira yako. Mtaani kwenu neno "mwizi" likimshika fundi simu, wateja wanampotea, na siku nyingine watu wasingewaamua, wangemshukia yeye. Nenda kamwombe radhi, pale pale mlipogombania, wale wale waliowaona wasikie. Polisi wakikuuliza nani aliishika simu, mtaje kama unavyomtaja mtu mwingine yeyote, waachie wao kuuliza.

Kuhusu polisi, nenda kesho asubuhi, na usiifute simu kwanza. Najua unatamani kuisafisha yote uanze upya, lakini ndiyo ushahidi. Ondoa laini yako, iweke kwenye simu nyingine hata ya kubonyeza, ubadilishe namba ya siri ya M-Pesa ukiwa huko, na nywila ya barua pepe uibadilishie kwenye kifaa kingine safi. Una biashara inayopitia simu hiyo, usimngoje mwizi akumbuke.

Kwenye karatasi moja andika anwani ya pochi yako, anwani iliyopokea pesa, kiasi, tarehe na saa, na ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 64. Inakili kutoka Tronscan, usiiandike kwa kichwa. Chukua na daftari lako na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulivyokuwa ukinunua. Kituoni omba namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Huenda ukakutana na afisa atakayekwambia kuwa hayo ni mambo ya kamari za mtandaoni. Mwambie kwa adabu kwamba kuingia kwenye kompyuta au simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, na kwamba unaomba iandikwe. Kisha nenda nayo ofisi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ya eneo lako.

Kazi ya hiyo OB ni hii. Kampuni ya Tether inayotoa USDT ina uwezo wa kuzifungia USDT zilizo kwenye anwani fulani zisitoke, na kwa kawaida hufanya hivyo ikiombwa na vyombo vya dola, si na mimi na wewe. Vilevile, fuata njia ya pesa kwenye Tronscan. Mwizi akizipeleka kwenye soko kubwa la sarafu, mara nyingi utaona jina la soko hilo limebandikwa kwenye anwani. Hapo andikia kitengo chao cha huduma, uwape namba ya muamala na namba ya OB, uwaombe waishikilie akaunti huku polisi wakiwasiliana nao. Usimlipe yeyote kwa hatua hizi. Uwezekano wa kuziona pesa ni mdogo, mdogo sana, na nakuomba usiishi kwa kuungoja.

Utaniuliza kama serikali italipa. Hapana. Benki Kuu ya Kenya ilionya tangu Desemba 2015 kwamba sarafu hizi hazina ulinzi. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2025 imewaweka watoa huduma wa mali za kidijitali chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, lakini pochi uliyokuwa umeishika mwenyewe haina mtoa huduma wa kudaiwa. Wewe ndiye ulikuwa benki.

Lakini hiyo OB ina kazi ya pili, na kwangu ndiyo kubwa. Dada yako atahitaji kitu cha kushika mkononi kinachosema pesa ziliibwa. Atakupenda, na bado usiku mmoja atajiuliza kama ulizila. Usimfanye aone haya kukuuliza. Mpe OB, mpe daftari, mpe namba ya muamala aitazame mwenyewe.

Na sasa dada.

Una mambo mawili ya kumwambia, na la pili ndilo linalokuziba koo. La kwanza, pesa zimeibwa. La pili, hazikuwahi kuwa benki. Ukisema la kwanza ukalificha la pili, atauliza benki gani, na utatunga uongo mwingine juu ya ule. Kutaka dola wakati shilingi inaanguka hakukuwa ujinga, watu wengi walifanya hivyo. Kuibiwa si kosa lako. Ila kumwambia iko benki na haiko benki, hilo ni lako peke yako, na usilichanganye na la mwizi.

Usianze na historia. Usianze na "unajua dada, hali ya shilingi ilikuwa...". Mtu aliye mbali akisikia sauti inayozunguka hudhani mama amefariki. Anza hivi: "Dada, mama mzima, sote wazima. Nimepoteza pesa zako zote za nyumba, dola 3,140. Zimeibwa kwenye simu yangu. Hazikuwa benki, nilikudanganya." Halafu nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, na utataka kuujaza. Usiujaze. Akilia, mwache alie. Akikata simu, usimpigie mara kumi. Mwandikie mara moja tu, "Nipo, nikisubiri," uweke simu mezani. Mama usimwambie kabla yake. Dada ndiye mwenye pesa, yeye aamue mama aambiwe nini na lini. Mkeo asikie kabla ya dada, ili uwe na mtu wa kukaa naye chumbani wakati huo.

Mume wangu alijua baada ya miezi minane. Hakuuliza sana habari za upatu. Aliuliza, "Miezi minane ulikuwa ukila na mimi sahani moja?" Pesa tulizipata tena kidogo kidogo. Swali hilo lilikaa nyumbani kwetu muda mrefu kuliko deni.

Dada akishatulia, iwe siku hiyo au wiki mbili baadaye, mweleze utalipa vipi, na hapo ndipo utaona kwa nini nimekataa pikipiki iuzwe. Shilingi 300 kwa siku 26 ni 7,800 kwa mwezi. Toa ya mafuta ya injini, tairi na matengenezo, bakisha 6,000 safi. Shilingi 405,000 kwa 6,000 kila mwezi ni karibu miezi 68. Ni mingi, najua. Lakini usimwahidi 20,000 kwa mwezi kwa ajili ya kumfurahisha kisha ushindwe mwezi wa tatu. Umeshamwambia jambo moja lisilo kweli, hana nafasi ya la pili. Mwambie 6,000, na mwezi ambao kibanda kimefanya vizuri ongeza bila kutangaza. Usikope kwenye programu za mikopo ya simu ili kuanza kwa kishindo, riba yake itakula pikipiki na kibanda. Na pesa zisikae tena mkononi mwako. Kama dada anataka zijengwe, zikiingia nunua bati au mbao siku hiyo hiyo, umtumie picha ya risiti. Akitaka zikusanywe kwanza, ifunguliwe akaunti kwa jina lake. Desemba hakutakuwa na paa. Mwache alijue hilo akiwa Doha, asilikute Msambweni na mabegi mkononi.

Siku ukirudi kwenye sarafu, ukirudi, maneno 12 yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, yakae mahali unapoweka hati ya kiwanja. Picha hapana, barua pepe hapana, WhatsApp ya kujitumia mwenyewe hapana.

Barua hii naijibu Jumatano. Una leo usiku wa kuzungumza na mkeo na kesho asubuhi ya kwenda kituoni. Ijumaa usingoje simu ya dada. Ukishaswali isha mpigie wewe, daftari likiwa limefunguliwa mbele yako na namba ya OB imeandikwa juu ya ukurasa.